Hongereni kwa Kumpata Mchezaji Bora Asiyetakiwa

Kwa wakubwa wa raga ya wachezaji 13, Sydney na Brisbane

Waheshimiwa,

Madhumuni ya barua hii ni kuwapongeza. Msimu mwingine wa Kombe la New South Wales na Kombe la Queensland umekwisha. Fainali zimechezwa, suti zimekodiwa, na mchezaji bora wa mwaka amepanda jukwaani kupokea tuzo yake, akamshukuru mama, akamshukuru kocha, akamkumbuka na mchumba. Sisi mashabiki tumebishana juu ya tuzo hiyo tangu msimu ulipoanza Machi, na hadi sasa bado hatujaelewana. Lakini katika kubishana kwetu limejitokeza jambo ambalo ninyi, kwa unyenyekevu wenu, hamjawahi kujisifia, basi acheni niwasifie mimi: mmefaulu kutengeneza zawadi anayopewa mtu kwa sababu hakuna aliyemhitaji.

Kwa faida ya wasomaji wa Nairobi na Kakamega, waliozoea raga ya watu 15 na ile ya watu saba kila upande, nieleze kidogo. Huku mashariki mwa Australia inayotamba ni raga ya watu 13, ile iliyojitenga mwaka 1895 kule Huddersfield, Uingereza, klabu za kaskazini zilipochoka kukatazwa kuwafidia wachezaji ujira wa siku za kazi walizozikosa. Timu yenye mpira ikishakabwa mara sita, inaukabidhi kwa wenzao. Kileleni ipo ligi ya taifa, NRL, yenye televisheni na mishahara. Chini yake yapo makombe mawili ya majimbo. La New South Wales asili yake ni mashindano ya vikosi vya akiba yaliyoanza 1908, na la Queensland lilianza 1996, mwaka ambao Toowoomba waliwafunga Redcliffe 8–6 wakalibeba.

Sasa tuangalie mtambo wenu unavyofanya kazi. Kila Jumanne saa kumi alasiri klabu za NRL hutangaza vikosi. Kijana aliyewaka Jumamosi kwenye kombe la jimbo, kama huko juu kuna aliyeteguka goti, anachukuliwa. Nyota wa juu aliyedondosha mipira miwili mbele ya kamera anashushwa kwetu, anakuja na sura ya mtu aliyehamishiwa kituo cha mpakani. Mwenye kipaji tunamwona mwezi Aprili, na ikifika Mei tumeshaambiwa tumsahau. Tuzo ya msimu mzima, kwa upande mwingine, inataka mtu acheze msimu mzima. Kwa hiyo anayebaki kuishindania ni yule aliyecheza vizuri wiki baada ya wiki, na wiki baada ya wiki simu yake haikulia. Ili ashinde, inabidi awe hodari kiasi cha kuonekana na watu wote uwanjani, ila asionekane na kocha mmoja tu, yule wa juu.

Najua mtanijibu kwamba wapo walioshinda kisha wakapanda. Ni kweli wapo, na tuliwashangilia. Lakini jirani yangu, mzee mmoja wa Bukavu tunayekwenda naye uwanjani hapa Sydney, alipoelezwa utaratibu huu kwa mara ya kwanza alinyamaza kitambo, kisha akauliza:

“Sasa ndugu yangu, huyu mchezaji bora wa mwaka, msimu ujao atachezea wapi?”

“Hapa hapa, mzee.”

“Aa. Kumbe ni adhabu.”

Nilijaribu kuwatetea, waheshimiwa. Nikamwambia wenzetu wa Queensland wameipa medali yao jina kubwa, la Petero Civoniceva. Nikamsomea sifa zake zote: mzaliwa wa Suva, Fiji, fowadi wa mstari wa mbele mwenye mechi 309 za NRL, 33 za Origin, pambano la Queensland na New South Wales, na 45 za timu ya taifa ya Australia. Mzee akasikiliza kwa adabu, halafu akataka kujua huyo bwana alicheza misimu mingapi katika kombe lenyewe. Hapo nikajikuna kichwa. Maana Civoniceva alilipita kombe la jimbo kama abiria anavyopita stendi, akashuka tena hapo mwaka 2013 kuwachezea Redcliffe alipokwisha kumaliza kazi yake NRL. Hakuna anayepinga heshima yake, ni mtu wa watu. Lakini kumkabidhi kijana aliyeachwa medali yenye jina la mtu aliyechukuliwa, hiyo ni kejeli ambayo hata mimi mwandishi wa kejeli nisingethubutu.

Si kwamba huko juu mambo yamenyooka. Mwaka 2003 wachezaji waligomea sherehe ya Dally M, ya tuzo za NRL, kwa sababu ya mvutano wa mikataba, ikabidi ifutwe. Mwaka 2019 medali ya Clive Churchill, ya mchezaji bora wa fainali kuu, alivishwa Jack Wighton wa Canberra wakati wenzake wamelala kwa 14–8 na wapinzani wanasubiri kombe. Mashabiki wa Canberra wanaweza kuwasimulia ilivyo tamu medali ya namna hiyo.

Lakini aliye moyoni mwangu zaidi ni mchezaji wa 18. Huyu mlimzaa ninyi na ndugu zenu wa NRL, mwaka 2021. Kikosi cha mechi wakati huo kilikuwa cha watu 17, naye ni wa akiba ya akiba. Anasafiri na timu. Anafungwa bandeji vifundo vyote viwili. Anapasha misuli moto pamoja na wenzake, anapiga kelele wanazopiga, anamwagika jasho. Kisha refa anapuliza filimbi, wenzake wanaingia, yeye anavaa koti la mazoezi na kukaa. Ili acheze ni lazima mambo yaharibike kwelikweli: wenzake wapigwe vichwa na kushindwa vipimo, au mmoja aumizwe kwa rafu ya wazi. Kijana wa watu anakaa dakika 80 akiombea heri na moyoni hajui heri ni ipi. Na mara nyingi, kwa ajili ya kiti hicho, jina lake limefutwa kwenye kikosi cha kombe la jimbo wikendi ileile. Juu hakucheza, chini hakucheza, kwenye hesabu ya tuzo hayupo. Nyumbani wakimuuliza mechi ilikuwaje, anajibu kama mtazamaji, ila yeye alikuwa na bandeji.

Nahamia kwenye jambo la furaha, nalo ni ukarimu wenu. Mtu akisikia Kombe la Queensland atadhani linagombewa na watu wa Queensland. Hajawajua! Mwaka 2007 lilichukuliwa na Tweed Heads, timu ambayo mji wake uko upande wa pili wa mpaka, ndani ya New South Wales, kwa mahasimu wenyewe. Mwaka 2017 likavuka bahari: Hunters wa Papua New Guinea, waliojiunga 2014, waliwafunga Sunshine Coast 12–10 katika fainali, na nchi ambayo raga hii ndiyo mchezo wake mkuu ikapata kombe la jimbo la nchi jirani. New South Wales nao hawakutaka kupitwa. Wana Canberra, ambayo kisheria haimo katika jimbo lao, na mwaka 2025 kombe lao lilikwenda New Zealand, kwa Warriors. Nasubiri kwa hamu msimu ambao jimbo lenyewe litashinda tena kombe lake, tuite waandishi.

Nacheka, lakini ile ya Hunters haikuwa ya kuchekesha, ilikuwa nzuri mno. Ndiyo maana ilipotangazwa Desemba 2024 kwamba Papua New Guinea itaingia NRL mwaka 2028, na serikali ya Australia itatoa dola milioni 600 za huku kwa miaka 10, mambo ya usalama wa Pasifiki yakiwa yamefungwa katika kifurushi hichohicho, sisi mashabiki wa makombe ya majimbo tulitazamana. Wachezaji wetu tumezoea kuchukuliwa. Sasa hata nchi nzima inapandishwa daraja.

Waheshimiwa, labda mmesahau kwamba usiku mkubwa kuliko wote katika mchezo huu ulitoka kwenye stoo yenu. Tarehe 8 Julai 1980, uwanja wa Lang Park, Brisbane, ilichezwa mechi ya kwanza ya Origin, ambapo kila mchezaji alirudi kuchezea jimbo la asili yake hata kama klabu yake iko kwingine. Watu zaidi ya 33,000 walikuja, na wengi walishawishika kwamba wamekuja kuona mzaha. Nahodha wa Queensland alikuwa Arthur Beetson, mwana wa Roma, umri miaka 35, mwili umepitwa na siku za kutunisha mabega. Na siku hizo Beetson alikuwa akichezea wapi? Kikosi cha akiba cha Parramatta! Mtu wa benchi la chini ndiye aliyewaongoza, wakashinda 20–10, na katikati ya mchezo hakumwonea haya hata Mick Cronin, mwenzake wa Parramatta aliyekuwa amevaa bluu. Mashindano yanayojaza viwanja hadi leo yalianzishwa na mzee aliyeonekana hafai kikosi cha kwanza. Laiti mngekuwepo wakati ule na tuzo zenu, mngempa cheti cha ushiriki.

Mnajua kwa nini hatuachi kuja? Njooni Henson Park, Marrickville, siku Newtown wanacheza nyumbani. Njooni bila beji. Hapo zamani palikuwa shimo la kuchimbia udongo wa matofali, na mwaka 1938 mbio za baiskeli za Michezo ya Himaya ya Uingereza zilifanyika hapo. Siku hizi kuna kilima cha nyasi, watoto wanaviringika, mbwa wamefungwa kwenye uzio wanabweka kila gozi linapopita, na mtu anaegesha gari pembeni mwa uwanja akatazama mechi huku ameegemea boneti. Newtown ni klabu ya 1908. Iliondolewa ligi ya juu baada ya msimu wa 1983, na hadi leo haijakubali kwamba imeondolewa. Kipindi cha pili mtangazaji anachukua kipaza sauti na kusoma idadi ya watazamaji: 8,972. Mvua inyeshe, 8,972. Jua liwake, 8,972. Tuwe tumejazana au tunahesabika kwa macho, sisi ni 8,972, na kila mara tunashangilia kama tumevunja rekodi. Ni takwimu pekee katika mchezo huu ninayoiamini, kwa sababu hakuna anayejaribu kuniuzia kitu kwayo.

Na Newtown hao hao, mwaka 2019, walilibeba kombe la New South Wales kisha wakakutana na Burleigh Bears, mabingwa wa Queensland, wakawafunga 20–16. Pambano la mabingwa wa majimbo mnalipanga siku ya fainali kuu ya NRL, mapema mchana, wenye tiketi wengi wakiwa bado wanatafuta mahali pa kuegesha. Viti vya plastiki vinapata nafasi ya kuona raga safi.

Kwa kuwa mnapenda tuzo, nina mapendekezo. Anzisheni medali ya mchezaji wa 18, apewe aliyefungwa bandeji mara nyingi bila kufunguliwa na jasho la mechi. Iwepo nyingine ya barabara, kwa ajili ya vijana wa Cairns, ambao kwenda Brisbane ni karibu kilomita 1,700, wanacheza, na Jumatatu asubuhi wengine wako kazini na barafu gotini. Na ile ya mchezaji bora wa mwaka msiiguse, ila iambatane na kifungu kimoja kidogo: mshindi aanze mechi moja, moja tu, katika NRL msimu unaofuata, na jezi iwe na namba kati ya 1 na 13. Kocha asiyetaka aje yeye mwenyewe jukwaani, mbele ya mama wa kijana, aeleze sababu.

Najua mtasema kanuni haziruhusu. Kanuni zimeruhusu kombe la Queensland likalale New South Wales, sembuse hili.

Ni mimi katika utii wa wastani,

Mtazamaji wa 8,973, Henson Park

N.B. Mzee wa Bukavu ameomba niongeze jambo moja. Anashauri mshindi, pamoja na medali, apewe simu mpya. Anasema huenda tunawalaumu makocha bure, ile ya zamani ndiyo mbovu.