Sifa za Jogoo wa Kufungashiwa

Nimehudhuria harusi nyingi nikamsikia MC akimmwagia bwana harusi sifa ambazo sisi tuliokua naye hatukuwahi kuziona, na hakuna aliyesimama kupinga. Leo nami naomba kipaza sauti. Namsifu mheshimiwa ambaye meza kuu huifikia akiwa ndani ya bakuli tu: jogoo wa kufungashiwa. Yule unayekabidhiwa kijijini gari likiwa limeshawashwa, watoto wameshakaa, na wewe umeshaaga mara tatu.

Sisi wa Buhongwa tunamjua. Buhongwa ni ukingo wa kusini wa Jiji la Mwanza, barabara ya Shinyanga imepita katikati yake, na ukimuuliza mkazi wa hapa kwao ni wapi, mara chache sana atakujibu Buhongwa. Atasema Geita, Kwimba, Magu, Misungwi. Kwetu ni Sengerema, ukipita mjini ukaelekea Buchosa, mahali ambapo lami inakuaga na vumbi linakupokea. Agosti 2025, siku za Nanenane, niliazima Noah ya shemeji, tukajipanga watu wanane, tukapakia sukari, sabuni, chumvi, mikate na majani ya chai, tukaenda kuwaona wazee. Usagara tukakata kulia, Kigongo tukalipanda Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu juu ya ziwa, na kabla mtoto hajamaliza kuuliza "tumefika?" tulikuwa Busisi.

Siku mbili tulisalimia. Kwetu kusalimia ni kazi. Kuna baba mkubwa, mama mdogo, kuna mjomba ambaye si mjomba lakini hakuna anayethubutu kusema, kuna nyumba ambayo ukiipita bila kuingia watalikumbuka hilo siku ya msiba wako. Kila nyumba ina michembe ya viazi, na kila nyumba inaamini nyumba iliyotangulia haikukulisha. Siku ya tatu asubuhi, nikiwa nimeshika usukani, shangazi akatokea nyuma ya jiko na kitu chenye mabawa kinachotukana.

"Baba," akasema, maana nimerithi jina la baba yake na kwa hiyo mimi ni mzazi wake, "utarudije mjini mikono mitupu?"

Tazama sasa hekima ya jogoo huyu, kwamba hakataliki. Zawadi nyingine zote unaweza kuzitolea udhuru. Gunia la mihogo utasema gari limejaa. Maziwa utasema yataganda. Jogoo hana udhuru unaomtosha. Ukisema gari limejaa, atakaa miguuni. Ukisema mjini hakuna banda, utaulizwa kama mjini hakuna sufuria. Alifungwa miguu kwa utepe wa kanga chakavu, akatiwa ndani ya kiroba chenye tundu la kutolea kichwa, na tundu hilo likaelekezwa kwa mke wangu.

Wasifu wowote wa heshima huanza na nasaba, na ya huyu ni ndefu kuliko ya wengi wanaosomewa wasifu. Mababu zake ni kuku mwitu wa misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Upande wa mama ni kuchi, wale warefu wenye shingo ya askari na macho ya mdai. Upande wa baba ni mtaa mzima.

Elimu yake aliipatia nyumbani. Mtihani wa kwanza ulikuwa mwewe, wa pili kicheche, wa tatu kideri, ugonjwa unaoweza kuingia uwanjani Jumatatu na kufikia Ijumaa ukawa umeacha manyoya tu. Ipo chanjo ya tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu, nayo hukumbukwa vizuri zaidi na jirani aliyekwisha kufiwa. Kwa hiyo jogoo anayekufikia mkononi ni mhitimu. Wenzake wengi aliototolewa nao hawakufika darasa la pili.

Sasa utumishi wake. Kutoka kijijini hadi Busisi alifanya kazi nne bila mshahara. Alimzuia dereva kusinzia. Aliwafundisha watoto wangu, ambao walikuwa wakidhani kuku huzaliwa akiwa amegandishwa, kwamba chakula kina macho na kinakuangalia. Aliinyamazisha redio. Na alipaka zulia la gari la shemeji rangi ambayo mpaka leo shemeji anauliza ni ya nini. Trafiki alipotusimamisha, aliinama dirishani, akakutana na kichwa chekundu kinachompepesea jicho, akacheka: "Mnatoka kwa bibi, eeh? Haya, nendeni salama." Kwa hiyo jogoo pia ni aina ya kitambulisho. Hakuna jambazi anayesafiri na jogoo wa kiroba.

Kwenye daraja akawika. Watoto wakashangilia, wakampa jina Busisi, na tangu hapo ikawa vigumu kumjadili kwa habari za nazi na kitunguu.

Majogoo waliomtangulia hawakuvuka kwa urahisi huo. Kabla ya tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipolizindua daraja, sote tulivuka kwa kivuko, na kivuko kilikuwa na foleni, na foleni ilikuwa na jua. Nakumbuka jogoo mmoja wa miaka hiyo aliyekaa nasi kwa saa nyingi huku wachuuzi wakipitisha sato wa kukaanga, miwa, karanga, na, Mungu atusamehe, mayai ya kuchemsha. Yalipitishwa mbele ya uso wake. Mtoto wa shule akanunua, akamenya, akatia chumvi na pilipili. Jogoo alitazama mpaka mwisho, hakupiga kelele, hakudai kikao cha ukoo. Nani kati yetu angeweza?

Ukifika Buhongwa ndipo maadui wake wanapoanza kusema, nami nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza ni jirani. Viwanja vyetu vimebanana, ukipiga chafya huku, ng'ambo ya ukuta wanakuombea afya. Anasema Busisi anawika saa tisa na nusu usiku, kabla ya adhana, kabla ya kengele, kabla hata ya bodaboda wa kwanza. Ni kweli. Lakini hakosei saa; ni saa yake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika, na bado wakawika kwa mzunguko wao, kwa kuwa saa iko ndani ya mwili. Mwaka 2015 wakaonyesha jambo jingine: katika kundi, mwenye cheo cha juu ndiye huanza, na wengine humfuata kwa ngazi zao. Nilipoyasoma haya nilikumbuka kikao cha ukoo kule kijijini, ambapo hakuna anayekohoa kabla baba mkubwa hajakohoa. Hapa kwangu Busisi yuko peke yake, hana mkubwa wa kumsubiri, basi huanza anapojisikia. Yeyote aliyewahi kuachiwa nyumba na wazazi atamwelewa. Isitoshe, Waislamu mtaani kwetu wamefundishwa kumwomba Mungu fadhila zake wanapomsikia jogoo, maana amemwona malaika, na Wakristo wanajua sauti hiyo ndiyo iliyomkumbusha Petro. Jirani yangu ni wa mojawapo ya makundi hayo mawili. Naye baada ya mwezi mmoja wa malalamiko alibisha hodi kwa adabu, akauliza kama Busisi anaweza kwenda kwake siku mbili, ana mitetea mitatu.

Adui wa pili ni mdogo wangu, mtu wa hesabu. Anasema: mafuta ya gari, sabuni ya zulia, pumba, mahindi, kuku huyu amekwishapita bei yake. Kwa nini shangazi asiuze kuku huko, akanitumia pesa kwa simu, nami nikanunua kuku hapa? Hesabu yake ni sahihi, na ndiyo maana haifai. Pesa ya simu huingia kwa mlio mmoja, unasema "imefika, asante," na kabla ya jioni imekuwa umeme. Huwezi kuisikia alfajiri. Haikuulizi chochote. Mtu akinitumia elfu ishirini, tumemalizana. Jogoo hajui kumalizana. Shangazi hupiga simu kila Jumapili, na swali la kwanza si la watoto: "Jogoo wangu hajambo?" Nikisema hajambo, nimekubali kwamba bado ni wake. Nikisema tumemla, atauliza mlimlaje bila mimi. Kwa vyovyote vile nina deni, na deni la namna hii halilipwi ila kwa kurudi.

Adui wa tatu ni methali. Wazee walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Naiheshimu, nilifanyiwa nayo mtihani. Lakini tuitazame kwa makini. Kenya walimchukua jogoo wakamfanya alama ya chama cha KANU, akawika Nairobi tangu uhuru wa 1963 mpaka kura za 2002 zilipomziba mdomo. Miaka karibu arobaini si haba kwa asiyewika mjini. Na hapa kwetu, mji ni upi? Tusemeshane kwa lafudhi. Sikiliza kituo cha daladala Buhongwa asubuhi, sikiliza sokoni, sikiliza kikao cha kamati ya maji: ni Sengerema inabishana na Kwimba, na Magu inaamua. Wote tuliletwa. Wengine kwa basi, wengine kwa kivuko, na wote tukiwa na kamba mguuni, maana kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ilifunguliwa siku tulipolipa kodi ya miezi sita. Tukawika. Tofauti yetu na Busisi ni kwamba yeye hajabadilisha lafudhi.

Ndiyo maana sijamchinja. Mke wangu anasema ni kwa sababu amekuwa mgumu. Mimi nasema ni heshima. Anakula ukoko wa ugali na mabaki ya wali, analala juu ya tangi la maji, na kila alfajiri ananikumbusha kwamba daraja limekamilika. Zamani nilikuwa na sababu: "Shangazi, kivuko kile, foleni ile, unajua mwenyewe." Sababu hiyo imemwagiwa zege lenye urefu wa kilomita tatu. Sasa nikikaa miezi minne bila kwenda, sina pa kuisukumia lawama, na kuna mtu juu ya tangi anayelijua hilo.

Daraja, hata hivyo, lina ncha mbili. Oktoba shangazi alikuja mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa mwoga wa maji. Harusi yangu aliikosa kwa ajili ya kivuko. Safari hii aliniambia alifumba macho Busisi, akafumbua akaambiwa ni Kigongo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: tulitakiwa kuchinja. Mke wangu akaenda sokoni kimya kimya, akanunua kuku wawili wa kisasa, ili Busisi asiguswe. Firigisi tukampa shangazi kwa heshima yake. Akatafuna taratibu, akanitazama, akauliza kwa upole: "Baba, huyu alikuwa mgonjwa?"

Alfajiri Busisi akawika. Nikavuta blanketi. Kisha, kutoka dirisha la chumba cha watoto, nikasikia sauti ya shangazi: "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka," nikaitika kutoka kitandani, nimeguswa kwamba mtu mzima ameniwahi salamu.

Hakunisikia. Alikuwa anaendelea na mazungumzo yake, uso ameuelekeza kwenye tangi: "Na hawa wa mjini wanakupa mahindi kweli?"

Busisi akamjibu kwa kirefu.