Jinsi ya Kuwa Msomi wa Lugha Nne Kibenga

Hongera, mwanafunzi wa mtaa wa Kibenga, Burundi. Kirundi umezaliwa nacho. Kifaransa kilikungoja darasa la tano, masomo yalipohamia kwenye lugha hiyo. Kiingereza kina hadhi ya lugha rasmi kwa sheria ya 2014, na Kiswahili unafundishwa shuleni, kwa kuwa Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Mali unayo. Kilichobaki ni kujua kuitumia kwa maringo.

1. Kabla hujafungua mdomo, tazama nani anasikiliza. Mlinzi wa getini anatosha kwa Kirundi. Mgeni wa baba sebuleni apewe Kifaransa, hata kama yeye na mlinzi huyo wamekulia kijiji kimoja huko Ngozi. Binamu anayesoma Nairobi mwandikie Kiingereza. Kiswahili kiweke akiba kwa soko, mpira na utani.

2. Namba zote zitaje kwa Kifaransa: bei ya nyanya, saa ya kukutana, alama za mtihani. Ukijaribu kutaja namba ya simu yenye tarakimu nane kwa Kirundi, salio litaisha kabla yako.

3. Usimalize sentensi kwa lugha uliyoianzia. Mfano mzuri ni huu: "Sha, nilienda kwa prof, mais donc, ntiyari ahari, so nikarudi." Lugha nne, habari moja: mwalimu hakuwepo. Mtu wa lugha moja angeisema kwa maneno mawili, ndiyo maana hapati heshima.

4. Jua daraja za makosa. Ukikosea jinsia ya nomino ya Kifaransa, darasa zima litacheka hadi wasikie mtaani Musaga. Lakini sema "kitabu yangu" mchana kweupe, hakuna atakayegeuza shingo. Kijana wa Buyenzi, aliyekulia Kiswahili mtaani, akijaribu kukusahihisha, mwonee huruma: yeye anakijua tu, hajakisomea. Kumbuka kanuni hii: lugha inayokutawala si ile unayoijua zaidi, ni ile unayoogopa kuikosea.

5. Linda hadhi hata gizani. Viboko wa Ziwa Tanganyika hutoka usiku kula nyasi karibu na nyumba za watu. Ukigongana na mmoja kwenye kona, piga yowe kwa Kifaransa fasaha. Likikuponyoka "Mana yanje!" la Kirundi, hakikisha aliyesikia ni kiboko peke yake.

6. Darasani, mwalimu akiuliza kama mmeelewa, itikieni kwa pamoja: "Oui, monsieur!" Usiinue mkono. Swali linahitaji sarufi, na sarufi ina mashahidi. Ngoja kengele, kisha mtafute yule mwenzako anayekaa nyuma, asiyesema kitu. Chini ya mwembe atakufafanulia usanisinuru kwa Kirundi, atatia mfano wa shamba la bibi yake, atamalizia kwa mzaha wa Kiswahili, na somo litakaa kichwani mpaka uzeeni.

7. Siri hiyo usiitoe. Siku ya mtihani yavalishe majibu ya mwembeni suti ya Kifaransa, uyapeleke. Mwalimu atakupa alama nzuri, akiamini kwamba ni yeye aliyekufundisha.