Sifa za Dosye ya Urithi

Dosye ya urithi ni fardi ya karatasi ngumu inayofunguliwa mtu anapofariki akiacha kitu, na akiacha pia watu wa kukigombea. Katika kartie ya Majengo, komini ya Karisimbi, mjini Goma, hustawi vizuri: huanza na karatasi mbili baada ya matanga, na ikipata mrithi mwenye subira hunenepa kama Biblia ya kanisani. Wengi huitukana. Huo ni utovu wa shukrani, kwa maana ni vitu vichache mjini humo vilivyotenda mema mengi kiasi hicho.

Mlezi wake ni Kanuni ya Familia, sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwezi Julai 2016. Kwa mujibu wake mambo yangekuwa mepesi. Kifo huandikishwa kwenye komini, kikatoka cheti. Jamaa hukaa kikao na kuandika nani ni warithi. Mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote, au mwingine akichaguliwa yeye akikataa, huwa likwidateri, naye huthibitishwa na tribinali. Likwidateri hukusanya mali, hulipa madeni, hugawa, hutoa hesabu. Kama kuna parseli yenye hati kamili ya serikali, huhitajika amri ya tribinali kuu kabla jina la marehemu halijaondolewa na la warithi kuwekwa. Ngazi hizo zote zinaingia katika aya moja. Dosye ndiyo inayozigeuza kuwa maisha.

Sifa yake ya kwanza, tena iliyo kuu, ni kuunganisha ukoo. Marehemu alipokuwa hai, ndugu wa Butembo hakujua mlango wa ndugu wa Goma uko upande gani. Aliye Bukavu alituma salamu za Noeli kwa simu. Aliye Kampala hakutuma hata hizo. Dosye inapofunguliwa, wote hufika. Kikao cha kwanza huvunjika kwa sababu shangazi mmoja hakuitwa. Cha pili huitishwa kwa ajili ya shangazi, naye hufika na mwanawe, ambaye hufika na swali. Cha tatu hujadili swali la mwana wa shangazi. Hapo hugunduliwa kwamba jina la marehemu limeandikwa kwa L kwenye kadi ya kupiga kura na kwa R kwenye cheti cha kifo, na jamaa nzima, ambayo haikuwahi kukubaliana hata juu ya siku ya harusi, inasimama kwa umoja kutetea herufi yake: nusu kwa L, nusu kwa R. Karani huamua kwamba hao ni marehemu wawili. Ukoo hurudi nyumbani ukiwa umeongezeka mtu, na mtu huyo naye sharti atafutiwe vyeti. Hakuna padri, mchungaji wala sheikh aliyewahi kukutanisha watu hao mara nyingi namna hiyo, wala kuwafanya wakumbuke majina ya babu zao hadi kizazi cha nne, kwa kuwa kila babu anaweza kuwa na mjukuu anayestahili fungu.

Sifa nyingine zatosha kutajwa. Dosye hujenga misuli, maana kati ya mkuu wa avenu, kartie, komini na tribinali pikipiki hula pesa na miguu hubaki. Hukuza biashara ya fotokopi. Hufundisha Kifaransa watu wazima waliokimbia shule. Hufundisha pia historia: sheria ya 1987 iliweka mpaka wa urithi mdogo kwa zaire 100 000, fedha ambayo haitumiki tena, kwa hiyo mrithi hujifunza kupima nyumba ya mbao kwa noti ambazo watoto wake hawajawahi kuziona. Hata jiolojia imo. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002, ikarudi upande wa Buhene Mei 2021. Tangu hapo kuna wenye karatasi za viwanja vilivyo chini ya mawe, na wenye nyumba juu ya mawe wasio na karatasi. Na waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafunga milango. Mwenye kurithi akaunti akapata somo la ziada: muhuri wa nani unakubaliwa na nani.

Sheria yenyewe haina giza. Ndoa ambayo haikuchagua mpango mwingine wa mali huhesabiwa kuwa ya ushirika wa vile walivyochuma pamoja, hivyo nusu ya machumo ni ya mjane kabla urithi haujaanza kuhesabiwa. Katika kinachobaki, robo tatu ni ya watoto, wa kike na wa kiume sawasawa, pamoja na waliozaliwa nje ya ndoa kama baba aliwatambua kisheria angali hai. Robo iliyobaki hugawanywa kati ya mwenzi aliyebaki, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Mjane ana haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake. Baba mdogo wa marehemu, watoto wakiwapo, hana fungu.

Lakini baba mdogo hasomi, hubeba. Friji hutoka siku ya mazishi, watu wakiwa bado wamekaa kwenye viti vya kukodi, na hakuna anayemwomba aliyeibeba cheti cha kifo, mhuri wala shahidi. Mali inapotoka haidaiwi karatasi. Inapotakiwa irudi ndipo hudaiwa karatasi tisa. Mjane ambaye mahari yake ililipwa mbele ya koo mbili, ila ndoa haikuandikishwa komini, huulizwa yeye ni nani, na anayemuuliza ni shemeji aliyekula mbuzi wa mahari hiyo. Hilo si jambo la kusifiwa hata kwa mzaha.

Ikitazamwa vizuri, basi, dosye haina uvivu wowote. Inachelewa kwa sababu kuna wanaoishi kwa kuchelewa kwake. Vyumba vya uani vimepangishwa kwa dola, garanti imelipwa, na anayepokea kodi ni shemeji yule yule anayesema kwenye kila kikao kwamba tusikimbilie, marehemu hata hajakauka. Mwezi mmoja wa dosye kulala ni kodi ya mwezi mmoja mfukoni mwake. Ofisini nako, malipo yenye risiti ni machache na hulipwa mara moja; yale ya wino, ya soda na ya kutafuta mwenye kalamu hayana risiti wala mwisho, na dosye iliyokamilika hailipi tena. Shemeji na karani hawajuani, hawajawahi kupanga njama, lakini hufanya kazi pamoja vizuri kuliko ukoo wowote.

Dosye hufungwa likwidateri anapotoa hesabu na kila mrithi akashika chake. Inaweza pia kunyimwa uhai mapema, kwa njia tatu: kuandikisha ndoa, kutambua watoto wote, na kuacha wosia, ambao unatosha ukiandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, ukatiwa tarehe na sahihi. Zote tatu hufanywa na mtu aliye hai, asubuhi moja au mbili. Baba wadogo husema kuandika wosia ni kuita kifo, na kwa upande wao wana sababu nzuri ya kusema hivyo.