Mashine Iliyopandisha Mori

Fundi aliyetumwa na duka aliunganisha mpira wa maji, akachomeka waya ukutani, akanywa soda yake, akaaga. Kufua kulikwenda salama. Ilipofika zamu ya kukamua, mashine ilitetemeka, ikanguruma, kisha ikaanza kutembea. Ikauchomoa mpira, maji yakatapakaa, nayo ikaelekea sebuleni. Shemeji yangu, mtu wa mazoezi anayependa kutuonyesha misuli, alikuwa wa kwanza kufika barabarani. Mama mkwe alipanda juu ya kochi akisoma Ayatul Kursi kwa sauti.

“Mjomba, imekwenda berserk!” alipiga kelele mpwa wangu, aliyekuja likizo na Kiingereza chake cha chuo. Nilizima umeme kwanza, ndipo nikamuuliza maana.

Neno hilo lina ukoo wa kutisha. Watu wa kale wa Skandinavia waliwaita berserkr wapiganaji waliopandisha mori wakingurumia adui na kung'ata ngao zao wenyewe; wataalamu wengi hulifasiri kuwa shati la dubu. British Museum, London, wapo mpaka leo: ni kete za sataranji za karne ya 12 zilizopatikana kisiwani Lewis, Scotland, mwaka 1831, na baadhi yake ni askari waliotoa macho, meno yamezama kwenye ngao. Walter Scott aliwaleta kwa wasomaji wa Kiingereza katika riwaya ya mwaka 1822. Siku hizi Waingereza humtwisha neno hilo bosi, mtoto aliyenyimwa peremende, hata mashine ya kuchapa. Mimi ningedhani ni kulishushia hadhi, kama nisingeiona yangu ikivuka kizingiti.

Lakini lililonifurahisha zaidi ni sheria ya kale ya Iceland. Aliyepandisha mori wa namna hiyo alifukuzwa nchini miaka 3, na waliokuwapo wakashindwa kumzuia walipata adhabu ileile. Nilimsomea shemeji kifungu hicho wakati wa chakula cha usiku. Hakucheka.

Kesho yake fundi mwingine aliigeuza mashine akatuonyesha mgongo wake. Bolti zinazolibana pipa la ndani lisichezecheze safarini zilikuwa bado zimekazwa kama zilivyotoka kiwandani. Alizifungua kwa spana, na tangu hapo mashine inakamua imetulia mahali pake.

Basi msomaji, ukinunua mashine ya namna hiyo, fundi asivuke mlango kabla hajakukabidhi bolti hizo mkononi.