Mke Mwenza wa Inchi 32

Mwaka jana bibi yangu alipata mke mwenza. Mweusi tii, mwembamba, mguu mmoja, inchi 32 kutoka kona hadi kona. Alitoka Kariakoo na kusafiri kwa basi bila mtu wa kumsindikiza.

Kwetu Unyamwezini bibi na mjukuu ni watani. Tangu sijaota meno Bibi ananiita "mume wangu", na hadi leo nikichelewa kurudi huuliza nililala kwa nani. Kwa hiyo nilipoingia nyumbani Isevya, Tabora, nimekumbatia boksi kubwa, jasho linanitoka, aliweka chini kikombe cha chai akanitazama juu hadi chini.

"Mume wangu, mwenzangu huyu umemwoa lini? Mbona ananuka dagaa?"

Harufu nitaieleza. Kwanza ndoa.

Zamu yangu ya mchezo wa kupeana pesa ilikuwa imefika. Kijumbe akanikabidhi milioni tatu na ushee, na kwa kuwa napenda gemu za kompyuta kuliko umri wangu unavyoruhusu, niliamua pesa ya mchezo iende kwenye mchezo: ninunue kioo kipya cha kompyuta. Miezi mitatu nilikuwa sizungumzi na watu, nazungumza na tarakimu. Nilijifunza kwamba kioo cha kawaida kina taa nyuma yake inayowaka muda wote, ndiyo maana usiku wa kwenye gemu huwa na rangi ya majivu. Kioo cha aina ya OLED hakina taa hiyo. Kila nukta inajiwakia yenyewe, na panapotakiwa weusi inazimika kabisa. Nilijifunza kwamba 4K ni nukta 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8. Nilijifunza kwamba hezi 240 ni picha 240 kila sekunde, na kwamba nukta moja hubadili rangi kwa milisekunde 0.03. Mimi huyu, ambaye kikao cha saa nne nafika saa sita, nikaona milisekunde moja nzima ni uzembe usiovumilika.

Aibu ni kwamba mji wangu una elimu ya manunuzi kuliko miji mingi. Zamani misafara ikitoka Bagamoyo kuja huku, fedha yake ilikuwa vitambaa, nyaya na shanga, na shanga zilikuwa na wenyewe. Henry Morton Stanley, akifungasha safari Zanzibar mwaka 1871, aliumwa kichwa na jambo hilo: shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo, kwingine hazitakiwi, sungomaji ziling'ang'aniwa Ujiji, kwingine hata bure watu hawazitaki. Ukikosea, una magunia ya mali na bado unalala njaa. Dawa ilikuwa moja, kuwauliza waliokwisha kufika huko uendako. Mimi niliwauliza watu wa Seoul na Chicago, mtandaoni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa sebuleni kwa Bibi.

Muuzaji wa Kariakoo alikuwa Mzaramo, mtani wangu, na alijaribu kuniokoa.

"Mnyamwezi, hiyo kadi yako ya grafiki itaubeba mzigo wa 4K?"

"Mtani, sisi ndio tuliobeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka kwenu pwani. Nyie mlikuwa mnatupokea na madafu."

Alicheka, akapokea hela.

Kuanzia hapo nikasubiri. Siku ya kwanza basi lilifika bila boksi. Siku ya pili konda hakupokea simu. Siku ya tatu akapokea, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema kwamba mzigo uko salama, ila umepitiliza hadi Kigoma. Nikajipa moyo kwa historia. Kilomita chache kutoka mjini, pale Kwihara, ndipo David Livingstone alipokaa kwenye tembe mwaka 1872 zaidi ya miezi mitano, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Kabla ya hapo alikuwa amefika Ujiji akakuta bidhaa alizotumiwa zimekwisha kuuzwa na aliyekabidhiwa. Nikilinganisha, mimi nilikuwa nimependelewa. Boksi langu lilikwenda upande wa Ujiji na likarudi, isipokuwa njiani lililala jirani na gunia la dagaa.

Usiku ule nikakiunganisha kioo. Nikazima taa, nikafungua gemu yenye msitu wa giza, na nakiri machozi yalinilenga. Giza lilikuwa giza kweli, lile la porini Sikonge mwezi usipokuwepo. Kisha nikabonyeza kitufe cha kutembea. Askari wangu akainua mguu, akafikiri, akaushusha. Kadi yangu ilikuwa inapanda mlima na pembe ya ndovu begani. Picha 240 kwa sekunde sikuziona. Nilihesabu kama 19.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, anakula matobolwa na asali. "Huyu kijana ana nini? Ana tende?"

Asubuhi lilikuja jambo jingine. Dirisha letu linatazama mashariki, na jua la Tabora halibishi hodi. Aina niliyochagua haina kile kichujio cha mbele kinachomeza mwanga wa nje, kwa hiyo ule weusi niliolipia mamilioni ukageuka kijivu cha mkaa uliomwagiwa maji. Nikiwa bado nalilaumu dirisha, nikamkuta Bibi mbele ya kompyuta iliyozimwa anajifunga kilemba.

"Hapa umefanya la maana," alisema. "Kile cha chumbani kilikuwa kidogo, nilikuwa najiona nusu."

Kiswahili chetu ndicho kilichonimaliza. Kioo ni kioo. Na kioo, mvua zikianza na radi kupiga, kila bibi wa mji huu anajua hufunikwa nguo. Kila wingu lilipojikusanya, Bibi alichomoa waya ukutani, akatandaza kanga juu ya milioni zangu tatu, akakaa pembeni na tasbihi. Kanga yenyewe iliandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Niliisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Kufunika sikujali. Kuchomoa ndiko kulikoninyima usingizi. Vinukta vya OLED huchakaa kwa kadiri vinavyowaka, na picha isiyosogea ikikaa sana huweza kuacha kivuli chake hapo moja kwa moja. Kwa hiyo kila baada ya saa kadhaa za kazi kioo hutaka kujisafisha: unakizima, unakiacha kwenye umeme, nacho kwa dakika chache kinasawazisha nukta zake. Changu kiliniomba ruhusa kila siku. Kila siku wingu liliwahi, na Bibi akaliwahi wingu.

Wiki ya sita nikakiona. Kivuli, upande wa kulia, cha duara, kama ile saa ya kwenye gemu. Nikaishiwa nguvu za magoti. Nikamwita fundi kutoka Kanyenye. Akaja, akakizima kioo, akainama, akatazama kwa tochi ya simu.

"Kaka, alama ya kuungua huonekana kioo kikiwaka. Hii inaonekana hata kikiwa kimezimwa." Akapitisha kidole, akakilamba bila haraka. "Asali. Ya miombo hii, siyo ya dukani."

Wote wawili tukamgeukia Bibi.

"Nilikuwa namwonyesha yule kijana pa kukanyaga," alisema. "Si mlimwacha amesimama tu?"

Fundi alichukua hela ya usumbufu na chupa ya asali. Jioni ile radi ikapiga jirani. Umeme uliporudi, televisheni ya nyumba ya pili haikurudi nao. Cha kwangu kilikuwa chini ya kanga, waya umening'inia, kizima kama yai. Sikuwa na la kusema, na Bibi hakuniuliza.

Nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kuwasikiliza watu wa Seoul. Nikakaa naye mkekani, nikamweleza habari za nukta, za uchakavu, za dakika zile chache baada ya kuzima. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe anataka kuoga."

"Ndiyo, Bibi. Anataka kuoga."

"Sasa si ungesema? Mwanamke gani analala bila kuoga?"

Siku hizi pazia limehamia dirisha la mashariki, na gemu nacheza kwa 1440 badala ya 4K, ambapo askari wangu amepona miguu. Saa tatu usiku nikizima, Bibi husimama kando ya soketi, kanga mkononi. Ngurumo ikisikika mbali, upande wa Urambo, mimi ndiye ninayeanza kuhangaika na waya.

"Tulia, mume wangu," ananiambia, macho kwenye kile kitaa kidogo kinachopepesa. "Mwenzangu hajatoka bafuni."