Hata Kuku Anadaiwa Elfu Tatu

Leo asubuhi nilipofika stejini, manamba wa magari ya Mumias alisimama katikati ya njia, akaninyooshea kiganja cha trafiki na kupaza sauti: "Mdosi, punguza mwendo!" Nilikuwa natembea kwa miguu. Walicheka wote, kuanzia wachoma mahindi hadi dereva wangu mwenyewe, anayekula kwa gari langu. Abiria waliokwisha kuketi wakachungulia madirishani wamwone huyo mwenye matatu ya kilomita 112 kwa saa. Mama mmoja akashuka na kikapu chake, akahamia gari la nyuma. Alisema ana watoto.

Kilomita hizo 112 ziliniingia simuni jioni moja, kwa ujumbe uliojiita wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Gari langu, ulisema, limenaswa na kamera likivuka mwendo wa 80. Faini ni shilingi 3,000, ilipwe kabla ya saa 24 kwisha, la sivyo leseni ya kubeba abiria itasimamishwa. Chini kulikuwa na linki.

Hebu niseme gari lilikuwa wapi jioni hiyo. Lilikuwa gereji kule Sichirai, limekalishwa juu ya mawe, injini yake imelazwa kwenye gunia kando ya mwembe. Nilikuwa nimetoka kuliona. Lakini ujumbe ule ulinigusa mahali pabaya. Gari hilo tangu nilinunue halijawahi kusifiwa na mtu. Likipanda Khayega na abiria 14, bodaboda hulipita huku abiria wake akiongea na simu. Sasa serikali ya Kenya yenyewe inaandika kwamba limefika 112! Niliusoma mara ya pili kwa sauti, mke wangu asikie. Kisha nikaanza kupanga sababu: pengine dereva alilikimbiza kabla halijaharibika. Pengine ndiyo maana injini ilikufa! Kila kitu kikawa na maelezo, nikabonyeza linki nikiwa mtu aliyetulia.

Ukurasa ulikuwa mzuri kuliko wa ofisi yoyote ya umma niliyowahi kuihangaikia. Nembo ipo, bendera ipo, lugha ni ya adabu: "Ndugu mteja." Wakaomba namba ya gari. Hapo ndipo palipo na ufundi wenyewe, kwa sababu ujumbe wao haukuwa umetaja namba yoyote. Hawakujua nina gari gani, hawakujua kama nina gari. Mimi ndiye niliyewaandikia, tena kwa herufi kubwa. Kigurudumu kikazunguka kwa muda, kana kwamba mahali fulani Nairobi karani amevaa miwani anapekua mafaili. Halafu: "Rekodi imepatikana." Nilishukuru. Ombi la kulipa likatokea simuni, likitaja jina la mpokeaji: duka la nafaka katika mji nisiowahi kufika. Nikajiambia serikali nayo siku hizi inajitafutia. Nikabonyeza namba ya siri.

Siku iliyofuata nilimwonyesha fundi risiti, nikidhani ataheshimu injini ile. Mwanagenzi wake, kijana mwenye grisi hadi masikioni, akaniomba linki. Akaandika namba ya gari ambalo halipo. Kigurudumu kikazunguka. "Rekodi imepatikana," shilingi 3,000. Akaandika jina la fahali wa kupiganishwa wa mjomba wake kule Ikolomani. Anadaiwa 3,000. Mwishowe akaandika INGOKHO, na mbele ya gereji nzima kuku wa Kiluhya akapatikana na kosa la kuendesha kwa kasi. Fundi alilazimika kuketi.

Kijana huyo ndiye aliyenifundisha kusoma anwani, na tangu siku hiyo sina mazungumzo mengine, hata kanisani. Mtu wa kwetu akijitambulisha mbele ya wazee, jina lake halina uzito. Wanachouliza ni ukoo. Anwani ya mtandao ni vivyo hivyo, na ukoo wake umekaa mwisho. Chukua ntsa.go.ke. Anza kulia: ke ni Kenya, go ni serikali. Hiyo go.ke haiuzwi kwa mtu yeyote mwenye pesa, hupewa ofisi za umma. Ndipo ukutane na ntsa. Anwani niliyobonyeza mimi ilianza na ntsa, ikafuata kistari, ikafuata neno faini, na mwishoni kabisa ukoo ambao yeyote hununua kwa pesa kidogo bila kuulizwa baba yake. Ila jicho husoma kutoka kushoto. Likishaona ntsa limeridhika, haliendi kutafuta ukoo.

Nikamuuliza: na kile kikufuli kidogo pale juu? Nilikuwa nimekiona, nikakiamini. Akacheka tena. Kikufuli, alisema, kinathibitisha tu kwamba mtu wa tatu hawezi kusikiliza mnayoambiana, na hutolewa bure. Kwa hiyo tulikuwa katika faragha kamili, mimi na mwizi wangu.

Baadaye nilitafuta kanuni za mwaka 2016 za makosa madogo ya barabarani. Ukizidisha mwendo kwa kilomita 1 hadi 5 unaonywa. Kwa 6 hadi 10 ni shilingi 500, kwa 11 hadi 15 ni 3,000, na kwa 16 hadi 20 ni 10,000. Mimi nilishtakiwa kwa kilomita 32 za ziada, ambazo orodha hiyo haizifikii kabisa. Wezi walinipa bei ya kilomita 15. Walinipunguzia.

Wanaonicheka wanauliza kwa nini mtu alipe faini ya gari lililokuwa halina injini. Nami nawauliza wao: lini mwenye matatu aliwahi kuuliza kwanza? Toka Kakamega hadi Kisumu, upite Chavakali, Mbale na Kiboswa, uhesabu mikono inayonyooshwa dirishani kwa dereva. Hakuna anayesema kosa ni lipi. Noti inakunjwa, gari linaendelea, na jioni dereva ananiletea hesabu yenye shimo ambalo halina risiti. Wale wa linki ndio watu wa kwanza barabarani kunieleza kosa langu, kunipa muda wa kulipa, na kuniita ndugu. Tumezoeshwa kudaiwa. Mwizi alikuta shamba limeshalimwa, akapanda tu.

Nilikwenda kuandikisha habari hiyo katika kituo kimoja cha polisi. Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 30, inasema anayenasa watu kwa ujumbe na kurasa bandia anaweza kutozwa hadi shilingi 300,000 au kufungwa hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Nilikiandika kwenye karatasi nisije nikakisahau. Afisa aliisoma, akaniuliza gari liko wapi. Juu ya mawe, afande. Akafikiri. Kisha akaniuliza kama bima yake bado ni hai.

Na hapa kicheko kinanikauka. Mwaka 2022 tuliamriwa nchi nzima kusajili laini upya, vitambulisho mkononi, tukapigwa picha, mwisho Aprili 15, kisha ukasogezwa hadi Oktoba 15. Mama yangu, ambaye magoti yake hayapandi ngazi, alipanda ngazi. Tuliambiwa ni kwa ajili ya kukomesha matapeli. Haya, ujumbe wangu ulitoka kwa namba ya kawaida ya Kenya yenye tarakimu kumi. Ina mwenyewe, ana picha, ana kitambulisho. Mbona yeye haonekani, na mama yangu anaonekana?

Wala si mimi peke yangu. Jirani yangu mwenye lori la Canter aliwatumia matapeli "ada ya lango" ili apakie sukari ya Mumias, wakati kiwanda kilikuwa hakisagi muwa hata mmoja. Makanga wangu alishawahi kupokea nauli kwa ujumbe wa malipo ambao abiria alijiandikia mwenyewe akiwa kiti cha nyuma.

Ndugu mwenye gari, ujumbe wa faini ukikufikia, usibonyeze linki yake na usiujibu, hata kwa matusi. Andika anwani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mwenyewe kwa vidole vyako, uangalie huko kama kweli unadaiwa. Namba ya kulipia serikali ni 222222, na jina la mpokeaji haliwezi kuwa duka la nafaka. Ukiwa na laini ya Safaricom, upeleke ujumbe huo 333. Ni bure.