Mhadhara wa Bingwa wa Desibeli

Wadogo zangu maprodyuza, kaeni. Aliye nyuma azime feni, sauti yangu haistahili kuchanganywa na upepo. Mbele yenu amesimama Bingwa wa Desibeli, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kukosekana mtu mwenye hadhi ya kunitunuku.

Leo tunapima saundi kadi. Tuanze na ile nyekundu, Focusrite Scarlett 2i2, ambayo mmoja wenu hununua na mtaa mzima ukaazima. Kampuni yake ilianzishwa na Rupert Neve mwaka 1985, na ukiishika kadi hiyo kwa adabu utamsikia mzee akipumua humo ndani. Nani huyo anayesema kampuni iliuzwa 1989, miaka mingi kabla Scarlett haijazaliwa? Mtoeni nje.

Toleo la nne linaipandisha maiki kwa desibeli 69. La tatu liliishia 56. Hizo 13 za ziada zinamfaa mwenye Shure SM7B, maiki isiyotoa sauti mpaka uibembeleze. Wenye maiki za kondensa, hazina kazi kubwa kwenu, lakini nunueni, tusionekane maskini.

Behringer UMC22 hurekodi kwa biti 16 na kilohezi 48. Kwa bei yake nilitegemea msanii asikike kama anaimba ndani ya pipa. Hakusikika hivyo, na jambo hilo limenikera hadi leo. MOTU M2 ina kioo cha rangi kinachoonyesha sauti ikipanda na kushuka. Hicho tu kinatosha, msiulize mengine.

Sasa kiini cha elimu: kilohezi 192! Washamba hurekodi kwa 44.1, wakijitetea kwamba sikio la binadamu linaishia kilohezi 20, na kwamba 44.1 inatosha kunasa sauti hizo zote. Ni kweli, nami nalikiri kwa dharau. Lakini kwa 192 unafika mpaka kilohezi 96, himaya ya popo. Nani kasema popo hana haki ya kusikia Bongo Fleva? Faili litakuwa kubwa zaidi ya mara nne, kompyuta itahema, kisha wimbo utarushwa WhatsApp, usagwesagwe huko, upigwe kwa spika ya simu ndani ya daladala. Popo hatakuwamo, ila heshima itakuwamo.

Kuhusu kuchelewa kwa sauti: bafa ya sampuli 256 kwa kilohezi 48 ni milisekunde 5 na kidogo, safari ya kurudi bado. Msanii akinung'unika, shusha bafa hadi 64. Kompyuta ikianza kukwaruza, mlaumu msanii. Kipo kitufe cha kumrudishia sauti yake hedifoni kabla haijapita kwenye kompyuta, lakini akishakijua hatakuita tena bosi.

Naona mkono. Kijana anataka nifumbwe macho, nisikilizishwe kadi tatu kwa sauti iliyosawazishwa, kisha nitaje ipi ni ipi. Huo ni utovu wa nidhamu. Bingwa hafumbwi macho. Bado hajaketi: anauliza kwa nini kila wimbo niliourekodi una jogoo. Jogoo ni wa jirani, chumba changu kina bati juu na godoro moja ukutani, nami nimekwisha agiza kadi ya bei mara tatu ili jogoo yule asikike kwa ubora anaostahili.